Ketoni kwenye mkojo: alama mbili za kujumlisha zina maana gani?

Mwenye kisukari anayetapika, anayehema kwa nguvu na ambaye pumzi yake inanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha hupimwa haraka sukari na ketoni. Majibu ya mkojo yanarudi yameandikwa "ketoni ++". Alama hizo peke yake hazitoshi kumwambia mtu kama arudi nyumbani au alazwe.

Ini hutengeneza ketoni mwili unapochoma mafuta. Aliyefunga Ramadhani, mjamzito anayetapika sana, mtoto mwenye homa aliyekataa kula, wote wanaweza kuwa nazo. Kwa kawaida insulini yao huzizuia zisipande kupita kiasi. Mwenye kisukari aliyeishiwa insulini hana kizuizi hicho: sukari imejaa kwenye damu bila kuingia kwenye seli, ini linazidi kumimina ketoni, na damu inajaa asidi. Hali hiyo inaua.

Kijiti cha mkojo kina kemikali iitwayo nitroprusidi, ambayo hugeuka waridi na kisha zambarau ikikutana na asetoasetati, aina mojawapo ya ketoni. Tatizo ni kwamba kwa mgonjwa aliyezidiwa ketoni iliyo nyingi zaidi ni beta-hidroksibutirati, na hiyo kijiti hakiioni kabisa. Kwa hiyo rangi hafifu inaweza kuficha hatari kubwa. Tena akishaanza insulini na dripu, ile isiyoonekana hugeuka kuwa asetoasetati, na mkojo unaweza kuonyesha ketoni zaidi wakati mgonjwa anapata nafuu. Ndugu waliokaa wodini wanastahili kuelezwa hilo mapema.

Vijiti vyenyewe navyo huharibika. Kopo likiachwa wazi, hasa penye unyevunyevu, vinaweza kuonyesha hakuna ketoni ilhali zipo.

Kipimo cha damu ya kidoleni hupima beta-hidroksibutirati moja kwa moja. Chini ya 0.6 mmol/L ni kawaida, kuanzia 1.5 hatari inakaribia. 3 na zaidi kwa mwenye kisukari anayeumwa ni dharura, aende hospitali mara moja. Kwa maoni yangu, hospitali yoyote inayolaza wagonjwa hawa ingepaswa kuwa na kipimo hiki.

Wanaotumia dawa za kisukari za dapagliflozini au empagliflozini wawe waangalifu zaidi, kwani ketoni zao zinaweza kupanda sukari ikiwa karibu na kawaida. Wakitapika au kuhema isivyo kawaida, waombe wapimwe ketoni hata kama mashine ya sukari inaonyesha namba nzuri.