Kamari Iliyojificha Ndani ya Simu

Leo tuzungumze juu ya simu yako, ile unayompa mtoto acheze ili upate nafasi ya kupika au kufua.

Wengi wetu tunaijua kamari kwa sura yake ya zamani: karata, pata potea ya sokoni, mashine ya kutumbukiza sarafu pale dukani. Tukimwona mtoto hapo tunamkemea. Lakini mtoto anaweza kujifunza kamari akiwa ameketi kando yako, kabla hajaweka hata shilingi moja.

Anajifunzaje? Michezo mingi ya simu ina gurudumu la kuzungusha au sanduku lililofungwa. Katika Free Fire, kwa mfano, mchezaji hutumia almasi kujaribu bahati yake apate nguo au bunduki. Michezo mingine ya kandanda huuza pakiti, nawe hujui watatoka wachezaji gani. Mara nyingine zungusho la kwanza huwa la bure. Baadaye almasi hununuliwa kwa pesa halisi. Mara nyingi mtoto hukosa. Siku moja hupata, na furaha ya siku hiyo ndiyo humrudisha. Nchini Ubelgiji, mwaka wa 2018, tume ya kusimamia kamari iliamua kwamba masanduku ya aina hii yanayouzwa kwa pesa ni kamari.

Kuna pia mchezo wa ndege inayopaa huku tarakimu zikiongezeka. Ukiutazama utadhani ni katuni. Kumbe ni kamari kamili: ndege ikitoweka kabla mchezaji hajatoa pesa zake, zimepotea. Halafu kuna vijana kwenye video na makundi ya WhatsApp wanaouza "odi za uhakika". Jiulize: mwenye uhakika wa kushinda angekuuzia wewe siri hiyo?

Sheria ya Kenya haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Lakini laini ya simu ni yako, na kwa laini hiyo mtoto huonekana mtu mzima. Isitoshe, sehemu ya ubongo inayomsaidia mtu kujizuia huendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20. Ndiyo maana mtoto hunaswa upesi. Shirika la Afya Duniani huhesabu uraibu wa kamari kuwa ugonjwa.

Angalia dalili hizi:
1. Ujumbe wa M-Pesa umefutwa, au pesa zimelipwa kwa paybill usiyoijua.
2. Una deni la Fuliza ambalo hukulichukua.
3. Mtoto huficha simu ukikaribia, au hukesha nayo.
4. Anazungumza juu ya odi, bonasi na "nusura nishinde".
5. Pesa za nauli au chakula cha shuleni haziishi kupotea.

Ukiona hayo, ufanye nini? Kwanza, badilisha namba yako ya siri ya M-Pesa na usimtume mtoto akutolee pesa. Bonyeza *334# uangalie taarifa ya matumizi. Pili, keti naye akuonyeshe mchezo wake. Muulize, "Hapa unalipa nini, na unapata nini?" Chukueni kalamu mwandike kilichoingia na kilichotoka. Hesabu hiyo itamfundisha kuliko kiboko, kwani mtoto anayepigwa hujifunza kuficha zaidi. Tatu, zungumza na watu wazima wa nyumbani. Baba au mjomba akishangilia mkeka mbele ya watoto, somo tayari limeingia.

Ikiwa mtoto ameshindwa kuacha, piga simu ya bure nambari 116, ya kuwasaidia watoto, au umpeleke kwa mshauri wa shule au kituo cha afya. Usione aibu. Ugonjwa ukijulikana mapema hutibika kwa urahisi.

Jioni ya leo, kabla hujampa simu, mwambie: "Njoo unifundishe mchezo wako." Kwaheri kwa sasa.