Tabibu, Muulize Mgonjwa Kuhusu Mitishamba

Ashukaye Rongo, katika barabara itokayo Kisii kwenda Migori, hatakosa kuona sokoni magome, mizizi na chupa za dawa iliyokwisha kuchemshwa. Si mbali na hapo kuna hospitali na zahanati. Mgonjwa hupita kote kuwili, pengine siku moja. Muuzaji wa magome huenda akaelezwa habari ya vidonge vya hospitali, lakini tabibu haambiwi lolote juu ya magome.

Sababu ya kumficha tabibu inajulikana. Mgonjwa aliyekaripiwa mara moja kwa kunywa dawa za kienyeji hujifunza upesi. Mara ya pili atajibu, "La, situmii kitu," na jibu hilo la uongo litaandikwa katika faili kana kwamba ni kweli. Ninaamini kwamba kemeo hilo lina madhara zaidi kuliko mengi ya majani yanayokemewa.

Tuutazame mwarobaini, ambao Wajaluo huuita dwele. Jina la Kiswahili limetokana na itikadi kwamba mti huo huponya maradhi arobaini. Arobaini ni mengi mno, lakini kwamba majani yake yaweza kushusha sukari katika damu si porojo za sokoni. Majaribio ya kitaalamu yameonyesha hivyo. Basi mgonjwa wa kisukari ameza vidonge vya kushusha sukari, na juu yake anywe kikombe cha dwele kila asubuhi. Sukari yaweza kushuka kupita kiasi, akatokwa na jasho, akatetemeka, hata akazimia. Tabibu asiyejua habari ya kikombe atapunguza vidonge. Dwele ikiisha nyumbani sukari itapanda, naye ataongeza vidonge tena, akishangaa ugonjwa huu usiotulia.

Shubiri nayo, ogaka kwa Kijaluo, ina utomvu wa manjano unaoharisha. Kuharisha kwa muda mrefu hupunguza potasiamu mwilini, na kwa mgonjwa wa moyo anayemeza digoksini upungufu huo waweza kumwua.

Na hiyo digoksini imetoka wapi? Imetoka katika majani ya mmea wa Ulaya uitwao kitaalamu Digitalis. Daktari Mwingereza William Withering aliletewa dawa ya siri ya bibi kizee mmoja wa Shropshire, mchanganyiko wa majani mengi, akatambua ni jani lipi lililofanya kazi. Kitabu chake cha mwaka 1785 kilieleza vipimo, na hakikuwaficha wagonjwa ambao dawa haikuwafaa. Hakumdharau bibi yule, wala hakumwamini kwa upofu. Aliuliza, akapima, akaandika.

Kuuliza nako kuna adabu yake. Ukimwambia mama mtu mzima, "Je, wewe huenda kwa waganga?" umekwisha kumshtaki. Afadhali useme, "Mama, mbali na vidonge hivi, nyumbani unakunywa dawa gani nyingine?" Kisha umwombe alete jani au kipande cha gome lenyewe, kwa maana jina moja la kienyeji laweza kuitwa mimea miwili tofauti. Profesa John Kokwaro alikusanya majina ya lugha zetu pamoja na ya kisayansi katika kitabu chake cha mitishamba ya Afrika Mashariki cha mwaka 1976, na yafaa kila maktaba ya chuo iwe nacho.

Kuuliza si kuruhusu kila kitu. Rongo imo katika ukanda wa malaria, na mtoto mwenye homa apimwe damu siku ile ile. Hata chai ya artemisia, mmea ambao Tu Youyou wa Uchina aliufanyia utafiti uliompa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, haishauriwi na Shirika la Afya Duniani kuwa tiba ya malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa kilichomo kikombeni hakitabiriki.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imekwisha kuitambua tiba ya jadi. Lakini sheria haikai chumbani na mgonjwa. Aketiye naye ni kijana aliyetoka chuoni juzi. Kijana huyo amefundishwa kuuliza habari za sigara na pombe, na asipouliza hupoteza alama katika mtihani. Walimu wake waweza kulitengea swali la mitishamba alama zake kuanzia muhula ujao.