Logi za kompyuta zinavyoweza kuvujisha siri za chama chako

Karibu kila ghala la mazao lina daftari getini. Mlinzi huandika namba ya lori, jina la dereva, idadi ya magunia na saa ya kutoka. Mzigo ukipotea, daftari hilo ndilo la kwanza kuulizwa. Lakini mtu mwenye nia mbaya akilipata kwa usiku mmoja tu, atajua mahindi hutoka siku gani, kwa njia ipi, na ghala hubaki na mlinzi mmoja saa ngapi.

Kompyuta nazo zina daftari la namna hiyo, ambalo mafundi huliita logi. Mwanachama wa chama cha akiba na mikopo akiangalia salio kwa simu, au duka la pembejeo likiingiza mauzo, seva huandika mstari: nani kaingia, saa ngapi, kutoka wapi, kafanikiwa au kashindwa. Kwa siku moja mistari hiyo huweza kufika maelfu mengi, na hakuna mtu wa kuisoma yote. Ndiyo maana zipo programu za kufuatilia logi, ambazo huikusanya kutoka kompyuta nyingi, huipanga na kutoa tahadhari jambo likienda mrama.

Splunk, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2003, ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi katika kazi hiyo. Cisco iliinunua kwa takriban Dola bilioni 28, na ununuzi huo ukakamilika Machi 2024. Watengenezaji wadogo wa programu, wale ambao ndio huuzia vyama vya ushirika na maduka, mara nyingi hukimbilia Elasticsearch kwa sababu huweza kuipata bila malipo.

Shida ni kwamba programu hizi huweka siri zote chumba kimoja. Mwizi aliyekuwa na haja ya kuvunja milango kumi sasa anahitaji mmoja tu, na mlango huo umewahi kukutwa wazi.

Mwaka 2018 ilibainika kuwa katika matoleo ya Splunk hadi lile la 7.0.1, mtu aliweza kuongeza maneno fulani mwishoni mwa anwani ya programu kwenye mtandao na kusomewa taarifa za seva, ukiwamo ufunguo wa leseni. Hakukuwa na fedha pale, na wengine waliliona jambo dogo. Lakini anayejua seva inaendesha toleo gani anajua pia atafute kasoro ipi.

Kasoro ya Julai 2024 ilikuwa nzito zaidi. Splunk iliyofungwa kwenye kompyuta za Windows, katika matoleo ya kabla ya 9.2.2, 9.1.5 na 9.0.10, ilimruhusu mtu asiye na neno la siri kusoma mafaili yasiyomhusu. Miezi michache kabla, Machi mwaka huo huo, kampuni ilikuwa imetangaza kwamba programu ikiwekwa katika hali ya kutafutia hitilafu ingeweza kuandika tokeni za kuingilia ndani ya logi zake yenyewe. Yaani mlinzi kaandika namba za kufuli katika daftari la wageni! Marekebisho yalitolewa kwa kasoro hizo mbili, ila hayamfai mwenye programu ambayo haijasasishwa tangu fundi alipoifunga na kulipwa chake.

Hata hivyo, hasara kubwa zaidi haitokani na tundu la programu. Inatokana na kile kinachoandikwa.

Mwezi Mei 2018 Twitter iliwataka watumiaji wake zaidi ya milioni 330 wafikirie kubadili maneno ya siri, baada ya kugundua kwamba yaliandikwa waziwazi katika logi ya ndani kabla hayajafichwa. Machi 2019 ikaja zamu ya Facebook, iliyokiri kuwa maneno ya siri ya mamia ya mamilioni ya watu yalihifadhiwa yakiwa yanasomeka katika mifumo yake ya ndani. Wengi wao walikuwa watumiaji wa Facebook Lite, toleo jepesi lililotengenezwa kwa ajili ya simu za bei nafuu na maeneo yenye mtandao hafifu, ambalo hata wakulima na wachuuzi wa Afrika Mashariki wanalifahamu. Kampuni ilisema haikuona ushahidi wa matumizi mabaya. Lakini Septemba 2024 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Ireland iliitoza faini ya Euro milioni 91 kwa jambo hilo.

Januari 2025 watafiti wa kampuni ya usalama ya Wiz walikuta hifadhidata ya DeepSeek ya China ikiwa wazi mtandaoni bila neno la siri, na ndani yake mistari ya logi zaidi ya milioni moja, yakiwamo mazungumzo ya watumiaji na funguo za siri. Ilifungwa mara baada ya kampuni kuarifiwa.

Siri huingiaje kwenye logi? Njia moja ni haraka ya kawaida kabisa. Mhasibu wa chama anaandika neno la siri katika kisanduku cha jina. Mfumo unakataa, na logi inaandika kwa uaminifu wote kwamba mtumiaji huyo hayupo. Sekunde chache baadaye anaingia kwa jina lake sahihi. Anayesoma mistari hiyo miwili ikifuatana ameshapata vyote. Njia nyingine ni fundi aliyeuagiza mfumo uandike kila kitu ili atafute hitilafu, kisha akasahau kuurudisha.

Katika hili uchumi na usalama vinakwenda pamoja. Leseni za Splunk kwa miaka mingi zimepimwa kwa gigabaiti zinazoingia kwa siku, na hata anayetumia programu ya bure hulipia nafasi ya kuhifadhi. Kila mstari usio na kazi ni gharama, na anayeandika kidogo analipa kidogo na ana kidogo cha kuibiwa.

Bei ya bure nayo ina lake. Kwa miaka mingi Elasticsearch ya bure ilikuja bila ulinzi wa neno la siri. Ulinzi huo uliingizwa katika toleo la bure Mei 2019, na ukawa unawashwa wenyewe kuanzia toleo la 8.0 la Februari 2022. Chama chenye mfumo uliofungwa kabla ya hapo kina sababu ya kumwita fundi wiki hii, si mwezi ujao.

Sheria nayo haingoji. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayemiliki taarifa zilizovuja amwarifu Kamishna ndani ya saa 72 pale penye hatari ya kweli kwa wahusika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kuwa kosa limefanywa na fundi wa kukodi si kinga ya kutosha kwa chama kilichokusanya taarifa hizo.

Kamati isiyo na mtaalamu inaweza kufanya jaribio lisilo na gharama. Mweka hazina aingie kwenye mfumo kwa neno la siri la uongo, tuseme "mbuzimweupe77", mara moja katika kisanduku chake na mara moja katika kisanduku cha jina. Kisha fundi afungue logi mbele ya kamati na kulitafuta neno hilo. Likionekana popote, asilipwe sehemu iliyobaki mpaka lisionekane tena, na logi za zamani zenye maneno ya siri ya kweli zifutwe, pamoja na nakala alizobaki nazo kwenye kompyuta yake ya mkononi.