Video au desa: gharama ya kusomea sapu ukiwa Kiwangwa

Mwanafunzi wa chuo aliyerudi Kiwangwa, Bagamoyo, likizo akiwa na sapu (mtihani wa marudio) huwa na walimu wawili: desa, yaani notisi alizotoa kopi, na YouTube. Wengi watakwambia YouTube ndiyo mwalimu hasa. Mhadhiri hueleza mara moja mbele ya mamia ya watu. Yule Mhindi anayefundisha YouTube unamrudisha nyuma mara kumi na hakasiriki. Tena, wanasema, ni bure.

Bure hiyo ina mita. Saa moja ya video kwa ubora wa 144p hula takriban MB 100, kwa 360p MB 300, na kwa 720p hukaribia GB moja au kuizidi. Tuseme MB moja inakugharimu shilingi 2 (gawanya bei ya bando lako kwa MB zake upate hesabu yako). Saa kumi za takwimu kwa 360p ni shilingi 6,000. Kwa 720p ni kama 20,000. Hiyo ni posho ya siku mbili ya mnufaika wa Bodi ya Mikopo, kwa kiwango cha 10,000 kilichoanza 2022/23, na likizo bumu hilo haliingii.

Maandishi ya ubaoni husomeka vizuri tu kwa 360p. Ile 144p iachie sheria au historia, ambako unasikiliza kuliko kutazama. Kwenye hesabu vipeo hupotea, na kipeo kikipotea swali zima limekwenda. Ubora uchague mwenyewe. Ukiiachia simu, mtandao ukiwa mzuri huenda ikaupandisha.

Bando la usiku ni nafuu, ila aliyeshinda kwenye shamba la mananasi husinzia huku MB zikiteketea.

Desa la kurasa 60, kwa shilingi 100 kila ukurasa, ni 6,000 ileile. Halihitaji chaji, halina matangazo, na wenzako watatu watalitumia. Ubaya wake, haliulizwi swali. Likikosewa, darasa zima linakosa.

Ningeanza na desa, nikafungua video pale tu nilipokwama. Na video hizo ningezipakua kwa waifai ya chuo kabla ya kupanda basi la Bagamoyo; MIT OpenCourseWare, mradi uliotangazwa 2001, inaruhusu kuhifadhi mihadhara yake bila malipo. Kama simu imejaa, nunua memori kadi kabla ya bando.