Cheti cha Mazingira Hakishiki Beleshi

Isongole ni mahali pa mvua na baridi. Viazi vinastawi vizuri. Barabara kuu ya kutoka Mbeya kwenda Tukuyu inapita hapa hapa. Mahali kama hapa kazi ya ujenzi haikosi. Leo linajengwa darasa, kesho zahanati, keshokutwa barabara inatengenezwa au bomba la maji linatandikwa. Vijana wetu na akina mama huchukuliwa vibarua. Wanachimba mitaro, wanasomba mawe, wanachota maji, wanachanganya zege.

Hebu tuulizane. Katika kazi hiyo, nani anatunza mazingira? Wengi watajibu, "Ni wakubwa. Wao ndio wenye cheti." Jibu hilo ni kweli nusu tu. Leo tuitazame na nusu ya pili.

CHETI NI KITU GANI?

Mwaka 2004 Bunge letu lilitunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Sheria hiyo inasema kwamba mradi mkubwa usianze kabla haujachunguzwa. Uchunguzi huo unaitwa tathmini ya athari kwa mazingira. Maana yake ni kujiuliza mapema: Mradi huu utaharibu nini? Maji yatachafuka? Miti mingapi itakatwa? Udongo utatupwa wapi? Wananchi wa mahali hapo nao wanatakiwa kuulizwa maoni yao. Kwa miaka mingi kazi ya kusimamia uchunguzi huu imekuwa mikononi mwa NEMC, yaani baraza la mazingira lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983.

Serikali ikiridhika, mwenye mradi hupewa cheti. Cheti hicho si pambo la kutundika ukutani. Kina masharti. Mwenye mradi ameahidi kwamba vumbi litamwagiwa maji, mashimo yatafukiwa, na takataka hazitatupwa mtoni. Asipotimiza, amevunja ahadi.

Kiko na cheti cha namna ya pili. Hiki hupewa kampuni yenyewe, si mradi. Kinafuata kiwango kinachoitwa ISO 14001. Kiwango hiki kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1996 na shirika la kimataifa la viwango lenye makao yake Geneva, nchi ya Uswisi. Kilifanyiwa marekebisho mwaka 2004 na 2015. Kampuni hailazimishwi na sheria kukitafuta. Inakitafuta yenyewe, kwa sababu wateja wengi wakubwa wanapenda kutoa kazi kwa kampuni yenye cheti hicho. Wakaguzi kutoka nje ya kampuni huja kutazama. Kwa kawaida cheti hudumu miaka 3, na kila mwaka wakaguzi hurudi kuona kama mambo bado ni sawa.

Sasa sikilizeni jambo hili. Kiwango hicho kinataka kila mtu anayefanya kazi chini ya kampuni ajue kampuni imeahidi nini juu ya mazingira. Ajue kazi yake yeye inaweza kuharibu nini. Tena ajue itakuwaje asipofuata utaratibu. Kila mtu maana yake ni pamoja na kibarua. Mkaguzi anaweza kumwacha meneja ofisini, akamfuata mchanganya zege na kumwuliza, "Maji haya ya kuoshea mashine unayamwaga wapi?" Kama kibarua hajawahi kuambiwa, basi kampuni nzima ina kasoro.

Kwa nini wakaguzi wafanye hivyo? Kwa sababu cheti hakishiki beleshi. Anayeshika beleshi ni mtu.

KAZI NNE ZA KUANGALIA

1. Kuosha vyombo vya zege. Maji ya saruji ni makali. Ndiyo maana fundi asiyevaa buti na glovu huungua ngozi. Maji hayo yakiingia kijitoni huua samaki na kuharibu maji ya kunywa. Dawa yake ni rahisi. Chimbeni shimo mbali na maji, mlitandike nailoni nzito, mwoshee humo. Zege likikauka linaondolewa kama mawe.

2. Oili chafu na dizeli. Oili kidogo tu huchafua maji mengi. Isimwagwe chini wala mtaroni. Ikusanywe katika pipa lenye kifuniko. Wekeni karai chini ya injini inapofunguliwa. Na hapa tusifichane: wako wanaonyonya dizeli ya mitambo usiku ili wakauze. Huo ni wizi, na dizeli inayomwagika katika giza hiyo ndiyo inayofika kisimani kwetu.

3. Udongo wa juu. Udongo mweusi wa juu ndio unaolisha viazi. Msiuchanganye na kifusi. Uwekwe kando, kazi ikiisha urudishwe juu. Mvua za Rungwe hazina mchezo. Udongo ulioachwa wazi kwenye mteremko hushuka wote mtoni. Panda majani mapema, au weka mawe na magogo kuzuia maji yasiende kwa kasi.

4. Mashimo ya moramu. Barabara inahitaji moramu, na moramu huacha shimo. Mvua ikinyesha, shimo linageuka bwawa. Mtoto anakwenda kuogelea, harudi. Shimo likitumika liwekewe uzio. Kazi ikiisha lifukiwe, au kingo zake zilazwe ili mtu au ng'ombe aweze kutoka. Kampuni isihame kabla ya kufanya hivyo. Ikishahama, nani ataileta tena?

Tena mkumbuke mita 60. Sheria ile ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa.

Darasa moja la kijiji huenda lisihitaji cheti kikubwa. Lakini maji yanayochafuliwa na kazi ndogo ni yale yale tunayokunywa. Kwa hiyo mambo haya manne yanahusu hata kazi ya kujitolea.

MFANYAKAZI NI MWENYE KAZI

Jambo la kuwashirikisha wafanyakazi si geni kwetu. Wazee watakumbuka Waraka wa Rais wa mwaka 1970 uliounda mabaraza ya wafanyakazi. Watakumbuka pia Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliowakemea viongozi wenye kiburi na ubwana. Fikra yake ilikuwa wazi: mtu akiamrishwa tu, hufanya kazi kwa kuogopa jicho la msimamizi. Akielezwa sababu, hufanya vizuri hata msimamizi akiwa hayupo.

Siku hizi iko Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Inazungumzia wawakilishi wa wafanyakazi katika mambo ya usalama na afya. Ulizeni mwakilishi wenu ni nani. Msimamizi mwema pia huwakusanya watu asubuhi kwa dakika kumi hivi. Anawaambia, "Leo tunamwaga zege karibu na kijito. Hatari ni hii. Nani ana la kusema?" Dakika hizo hazipotei. Kibarua mwenyeji ndiye anayejua maji ya masika hupita wapi. Mhandisi aliyekuja juzi hajui.

"NIKISEMA NITAFUKUZWA"

Hofu hii ni ya kweli. Tuseme msimamizi anakuambia, "Mwaga oili hiyo huko bondeni, harakisha." Ukikataa, kesho jina lako halitaitwa. Ukikubali, mama yako atachota maji hayo hayo jioni. Ufanye nini?

Kwanza, usiseme peke yako. Mtu mmoja hufukuzwa upesi. Watu ishirini ni kikundi cha kazi. Semeni pamoja, kwa adabu, kupitia mwakilishi wenu.

Pili, leta njia badala ya lawama tupu. Sema, "Mzee, tupe pipa moja tu, tutaikusanya."

Tatu, itumie elimu yako. Sasa unajua kusoma na kuandika. Andika tarehe, mahali na ulichokiona. Neno la mdomo husahaulika, daftari halisahau.

Nne, peleka habari kwa serikali ya kijiji. Sheria ya mazingira imeipa kamati ya kijiji kazi ya kutunza mazingira ya kijiji. Mwenyekiti anaweza kuwaita wenye mradi waje mkutanoni, wasome masharti ya cheti kwa Kiswahili. Wala hilo si ugomvi na kampuni. Kampuni yenye nia njema itashukuru, maana kosa likigunduliwa mapema ni rahisi kulirekebisha.

Ndugu wasomaji, mkandarasi atamaliza kazi na kuondoka na magreda yake. Cheti atakwenda nacho. Sisi tutabaki na mto, na shamba, na shimo kama lipo. Basi tujenge, lakini tujenge tukijua tutabaki na nini.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni kazi gani ya ujenzi inaendelea sasa katika kata yetu? Je, tumewahi kusikia masharti ya cheti chake?

2. Yako mashimo ya zamani yaliyoachwa wazi karibu nasi? Nani anafaa kuulizwa?

3. Kibarua akisema ukweli akaondolewa kazini, sisi wanakijiji tumsaidieje?