Je, Wajua? Masafa mafupi yanayofika angani

Je, wajua kuwa kilichokuwa kikiwaletea watu wa Kikatiti, mkoani Arusha, Idhaa ya Kiswahili ya BBC ndicho kinachoyakwamisha mawimbi ya setilaiti? Kilomita 100 hadi 400 hivi juu yetu kuna ayonosfia, tabaka la hewa linalochajiwa umeme na jua. Mawimbi mafupi kutoka ng'ambo huigonga dari hiyo na kurudi ardhini. Setilaiti nyingi ziko juu yake, hivyo mawimbi yao sharti yaipenye.

Je, wajua kuwa karibu na ikweta dari hiyo ni nzito zaidi? Mchana, miaka ambayo jua limechachamaa, hata mawimbi ya megahezi 10 yanayopanda wima hurudishwa chini. Yakipanda kwa mshazari hurudishwa hata yaliyo makubwa zaidi ya hapo.

Je, wajua kuwa kanuni za kimataifa zinaziruhusu setilaiti za redio ya ridhaa, yaani ya wapenzi wa redio wasiofanya biashara, kutumia masafa ya megahezi 7, 14, 18, 21, 24 na 28? Hata hivyo, waundaji wengi waliotaka masafa mafupi walikimbilia ukingo wa juu, karibu na megahezi 29, kwa kuwa ndiyo yanayopenya kwa urahisi. Setilaiti ya Kirusi RS-12, iliyorushwa mwaka 1991, iliweza kupokea kwa megahezi 21 na kurudisha kwa 29.

Je, wajua kuwa waya wa kuzinasa setilaiti hizi ni mfupi? Kwa megahezi 29 unatosha wa mita 4.9, uliokatwa katikati na kufungwa baina ya migrevilea miwili shambani. Kwa megahezi 7 utahitaji mita 20, na setilaiti nayo ingelazimika kubeba antena ya urefu huo.

Je, wajua kuwa masafa haya hayakusumbui sana kufukuzia stesheni? Setilaiti inayokimbia kilomita 7 kwa sekunde huhamisha masafa yake ikija na ikienda. Kwa megahezi 29 mhamo haufiki kilohezi 1. Kwa megahezi 435 huweza kufika 10.

Je, wajua kuwa setilaiti ya kwanza ya redio ya ridhaa, OSCAR 1, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1961, siku tatu tu baada ya Uhuru wa Tanganyika? Ilituma herufi mbili za Morse, HI, yaani salamu.

Je, wajua kuwa OSCAR 7 ilikufa ikafufuka? Ilirushwa tarehe 15 Novemba 1974, ikipokea kwa megahezi 145 na kurudisha kwa 29. Betri zake zilikufa mwaka 1981. Mwaka 2002 ikasikika tena, ikiendeshwa na umeme wa jua pekee. Ikiingia kivulini hunyamaza.

Je, wajua kuwa tarehe hiyohiyo, 15 Novemba, mwaka 2018, ilirushwa Es'hail-2 ya Qatar? Transponda yake ya redio ya ridhaa imeachana kabisa na masafa mafupi: hupokea kwa megahezi 2,400 na kurudisha kwa 10,489. Ukiwa Kikatiti haichomozi wala haizami. Imetulia nyuzi 76 juu ya upeo, upande wa magharibi. Dishi la duara la bati hutazama karibu wima, kwa hiyo litoboe tundu chini kabla ya masika, la sivyo litajaa maji.