Kibofu Kikiondolewa, Mkojo Hupita Wapi?

Wengi wetu tuliokulia Pemba, Tanga au Kwale tuliwahi kuona mvulana akikojoa damu, na wakubwa wakalihesabu jambo hilo kuwa sehemu ya kukua. Kumbe ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ya aogaye humo. Kikikaa mwilini miaka mingi bila tiba, chaweza kuleta saratani ya kibofu. Sigara nayo ni chanzo kikubwa, na hapa Johannesburg hatuhitaji mto ili kuipata.

Saratani ikizama katika msuli wa kibofu, madaktari aghalabu hushauri kibofu chote kiondolewe. Hapo ndipo wazee wetu hukataa. Mkojo utapita wapi? Mwenye mfuko atasalije? Swali la pili wanazuoni walikwisha kulijibu: asiyeweza kuuzuia mkojo ana udhuru, hutawadha kwa kila sala ya faradhi ukishaingia wakati wake, na sala yake husihi.

La kwanza lilielezwa na Mmarekani Eugene Bricker mwaka 1950. Hukatwa kipande kifupi cha utumbo mwembamba, mirija itokayo kwenye figo hushonewa humo, na ncha moja hutokezwa kwenye ngozi ya tumbo, mkojo ukachuruzika katika mfuko uliobandikwa nje. Wengine hushonewa kibofu kipya kwa utumbo huohuo.

Zamani tumbo lilipasuliwa wazi. Siku hizi yatosha matundu madogo, kamera, na mikono ya roboti iongozwayo na daktari. Afrika haikuwa mtazamaji: mwaka 2003 madaktari wa Mansoura, Misri, na wenzao wa Marekani walitangaza habari za wagonjwa 17 waliotibiwa hivyo. Afrika Kusini, roboti ilianza kazi Pretoria mwaka 2013.

Je, asiye na fedha za hospitali binafsi amekosa tiba? Hasha. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022, wenye washiriki 338, ulionyesha kwamba katika siku 90 za kwanza, wa roboti waliishi nje ya hospitali siku 82, na waliopasuliwa wazi siku 80. Matatizo ya kidonda yalipungua kwa roboti, lakini saratani ilirudi karibu sawasawa. Kwa maoni yetu, kuchelewa ndiko kunakoua.

Kabla ya upasuaji, muuguzi huweka alama mahali mfuko utakapokaa. Mgonjwa amwonyeshe anapofungia kikoi au kanga, kisha asimame, akae, na ainame kama katika rukuu.